Kipimo Ambacho Hakikufanyika

Pale maabara tulimwita Mama Namba, na alikuwa na chumba cha nyuma, kile kilichopakana na jenereta: meza moja, kompyuta moja, na feni iliyogeukia upande mmoja tu kama mtu aliyelalia shingo vibaya. Kazi yake ilikuwa kugeuza shida za watu kuwa namba. Bima hailipi maneno. Uiandikie kwamba tumempima fulani mkojo ili kuona kama anatumia dawa za kulevya, inakunyamazia kama mkwe aliyenuna. Iandikie namba ya kipimo hicho, na pembeni namba ya sababu iliyomfanya apimwe, hapo inazinduka.

"Nyie wa mapokezi mnawaona watu," aliniambia siku nilipoanza kazi dirishani. "Mimi naona sababu zao tu."

"Basi mama, wewe ndiye malaika mwenye kalamu."

"Malaika hakosei kubonyeza. Hebu nenda, foleni imefika mlangoni."

Alianza kama mpiga chapa wa hospitali, akafiwa na mume watoto wakiwa bado wadogo, akajifundisha zile namba kutoka kwenye kitabu kinene kilichokwisha kupoteza jalada. Alikisoma huku akisubiri uji uchemke. Wifi yake anasimulia kwamba siku ile ya msiba, daktari alipoutaja ugonjwa uliomwondoa mume, midomo ya Mama Namba iliitaja namba yake kabla chozi halijadondoka. Wengine walimwona hana moyo. Mimi nadhani alishika kilichokuwa karibu.

Vipimo vya dawa za kulevya vilikuwa vya aina mbili. Cha kwanza ni kijiti: unakichovya kwenye mkojo, mstari unatokea au hautokei, na majibu yake ni ya umbea, maana kinasema "labda." Mtu aliyemeza vidonge vya maumivu kijiti kinaweza kumtaja sawasawa na aliyejidunga sindano uchochoroni. Cha pili ni cha mashine kubwa, inayosema ni dawa gani hasa na ni kiasi gani. Kila kipimo na namba yake. Sasa, mfumo wa bima ulifunga jioni, na mashine ilimaliza kesho yake. Kwa hiyo, ili malipo yasichelewe, tulikuwa na mtindo wetu tuliouita kutanguliza. Kijiti kikionyesha kitu, Mama Namba anatuma namba zote mbili siku hiyohiyo, kwa kuwa mkojo ule lazima uende kwenye mashine. Ulikuwa unakwenda kila siku. Hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje siku usipokwenda.

Mashine ikaharibika. Kipuri kikaagizwa ng'ambo, kikachelewa kama bibi harusi. Kule nyuma mtindo ukaendelea. Si kwamba Mama Namba hakujua mashine imekufa, alijua. Aliona itapona kesho, na kesho ikawa inasogea.

Ndipo alipokuja mama mmoja mzee, kamshika mkono mwanawe mwenye mwili wa kubeba mageti. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jasho lilimtoka na huku anatetemeka.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Ni hapa mlipomwandika mwanangu kwamba karudia dawa?"

"Tulia kwanza mama, tuone..."

"Nimetulia tangu alfajiri. Jibu."

Kijana ndiye aliyeeleza. Alikuwa kwenye matibabu ya kuacha heroini, anakunywa dawa kliniki kila asubuhi mbele ya nesi, na bima ya karakana yao ndiyo iliyolipia. Aling'olewa jino, akapewa vidonge vya maumivu, na alipopimwa kwetu kijiti kikaonyesha mstari. "Nilimwambia nesi. Nilimwambia kila mwenye masikio. Leo naambiwa bima imekata, eti mashine imethibitisha."

Kanuni ya bima yao ilikuwa hivyo: namba ya mashine ikifika, na majibu ya kumsafisha mtu yasipoifuata, anahesabiwa karudia. Anakatiwa dawa.

Nikampelekea Mama Namba kadi ya kijana. Akaangalia tarehe. Akainuka, akaenda kwenye friji ya sampuli, akarudi na kichupa chenye jina la kijana. Kilikuwa kimejaa. Utepe wake haujaguswa.

"Huyu hajapimwa na mashine," akasema.

"Sasa si upige simu tu?"

"Simu haifuti namba."

Mwenye maabara, ambaye sote tulimwita Daktari, aliitwa. Alikuja akisugua miwani, ishara kwamba anajua anachoenda kuambiwa.

"Mfute huyo mmoja," akasema. "Andika umekosea kubonyeza."

"Nikiandika hivyo watamweka kwenye ukaguzi, na ukaguzi wao unakula miezi. Nikiandika mashine ilikuwa mbovu, wanamrudishia dawa bila maswali. Ila Daktari, mashine haikuharibika kwa mtu mmoja."

Hapo wote tukaelewa. Kumtoa kijana yule kulimaanisha kukiri namba zote zilizotangulizwa tangu mashine ife. Bima ingesema tumedai vipimo ambavyo hatukufanya, na ingesema kweli.

"Watatufungia," Daktari akasema polepole. "Na hawa?" Akaninyooshea kidole mimi. "Huyu chuo kimemshinda, unataka na kazi imshinde?"

"Daktari, nimo humuhumu ndani," nikasema.

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

"Na yule pale kwenye benchi?" Mama Namba akauliza.

"Dada yangu, nakuheshimu. Subiri kipuri kije. Tutampima, tutatuma majibu, yataisha kimyakimya."

"Dawa yake ni ya kila asubuhi. Kimyakimya atakuwa wapi?"

Daktari akavaa miwani, akarudi ofisini kwake. Mama Namba alikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, jenereta ikinguruma nyuma yake. Alikuwa na binti chuoni. Aliniambia jambo moja tu: "Mimi ndiye niliyebonyeza. Mashine haina mkono." Mchana akaiandikia bima barua za kufuta namba zote zilizotangulizwa. Kabla ya kutuma alikwenda ofisini kwa Daktari, akagonga mlango. "Nimekuja nikwambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu." Kisha akarudi akatuma zote.

Bima ilimrudishia kijana dawa. Haikuwa siku ileile, wala iliyofuata. Barua zina miguu mifupi. Maabara ikasimamishwa ikisubiri uchunguzi, isipokuwa kwa wagonjwa waliokwisha kuanza vipimo. Daktari akamwambia Mama Namba amalizie mwezi aende. Hakumfokea. Nadhani angemfokea ingekuwa nafuu.

Mwezi huo haujaisha, mashine ikiwa imepona, yule mama mzee akarudi na mwanawe. Kliniki ilitaka kipimo kipya kabla ya kumwongezea dozi. Kijana alikuwa amekonda hadi mkanda umepata tundu la msumari. Akachukua kichupa, akaingia chooni. Mama Namba akatoka chumbani mwake, akaja upande wa wagonjwa, ambako sikuwahi kumwona, akasimama mbele ya benchi.

"Mama, aliyekosea ni mimi. Nilituma namba ya kipimo ambacho hakikufanyika."

Mama mzee aliinua uso. "Katikati hapo alikwenda kutafuta mtaani. Nilimkuta nyuma ya karakana, midomo ya bluu. Jirani ndiye aliyemwamsha. Sasa wamemwanzisha chini kabisa, kama mtu mgeni. Siku zile alizokosa dawa, mnaziandika namba gani?"

"Hazina namba, mama."

"Eeh." Akasogeza mkoba wake. Nafasi ilikuwa ndogo, lakini Mama Namba akakaa.

Kijiti kilionyesha mstari. Kilitazamiwa kionyeshe, kwa sababu ya dawa ya kliniki yenyewe, lakini mama mzee aliuona ule mstari akashika kifua. Jioni ikafika, mfumo wa bima ukafunga, na Mama Namba hakutuma namba ya pili. Aliwaambia warudi kesho, nao wakarudi, wakakaa palepale. Mtaalamu wa mashine alitoka na karatasi akampa Mama Namba mkononi, maana alishamwomba. Akaisoma akiwa amesimama, kisha akapiga magoti kidogo ili uso wake uwe sawa na wa yule mama.

"Dawa ya kliniki peke yake. Hakuna kingine."

Kijana akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Mama yake hakushukuru. Akamfuta mwanawe uso kwa ncha ya khanga, akamgeukia Mama Namba.

"Haya. Sasa andika."