Mboga za Mfereji

Mwanamke aliyeniuzia lenga-lenga, mchicha wetu, kwa miaka minne aliniita dada na kuniongezea kifungu juu, na mimi mjinga nikamwamini. Asubuhi moja nilipita nyuma ya soko kumtafuta fundi viatu, nikamkuta mwanamke yule amechuchumaa kwenye mfereji unaopitisha uchafu wa vyoo, akitumbukiza mafungu yake ili yang'ae. Aliniona. Hakushtuka.

"Dada, jua linazikausha," alisema. "Nani atanunua mboga imelala?"

Watoto wangu walikuwa wakiumwa tumbo kila mara, nami nilikuwa nikilaumu mvua. Nilirudi nyumbani nikijichukia kuliko nilivyomchukia yeye. Mume wangu nilimkuta mezani anakula mboga zilezile. Nilimweleza yote. Alimaliza sahani, akalamba vidole.

"Mikrobe haiuake Mwafrika," alisema, kana kwamba vijidudu huchagua wa kumuua.

Mume wangu ni mtu wa biro, karani wa ofisini. Ana kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na sijawahi kuona hata moja ikiandika. Nilipomwambia nitalima hapahapa kwenye parseli, kiwanja cha nyumba yetu, alikunja uso kana kwamba nimetukana ukoo wake.

"Bibi ya mutu wa biro analima kama mukimbizi? Watu watasema nini?"

Basi nikamwendea mkimbizi mwenyewe. Alikuwa mama wa Masisi aliyeishi kambini Mugunga na kuja kwetu kutufulia nguo. Vilimani alikuwa amelima tangu utoto, na alijua mambo ambayo kalamu tatu hazijui. Parseli yetu ni mawe ya volkano matupu. Jembe likigusa linatoa cheche. Aliyatazama mawe yale, akaniambia, "Mama, tafuta magunia."

Udongo tuliuleta kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, kutoka upande wa Kibati. Alinionyesha kupanga vijiwe katikati ya gunia ili maji yashuke, kutoboa pembeni, kupanda lenga-lenga juu na vitunguu kwenye matundu. Baada ya majuma machache tulikuwa tunachuma. Watoto waliacha kulia tumbo. Mume wangu alipita kando ya magunia ameinua suruali, kisha akaenda kula kwenye mgahawa karibu na biro, mboga za mfereji.

Homa ya matumbo ilimwangusha msimu wa mvua. Daktari alipomuuliza anakula wapi, alijibu, "Ni malaria tu." Nilimpelekea mchuzi wa mboga zangu hospitalini. Alikunywa wote, hakusema asante.

Jumapili moja, alipokwisha kupona, wageni walikuja baada ya misa. Nilimsikia sebuleni akipaza sauti:

"Mimi ndiye nilimwambia mama wa watoto: tulime! Mboga za soko ni sumu."

Nilitoka jikoni, nikamkabidhi kikapu mbele yao.

"Papa wa watoto, basi utuchumie."

Hakuweza kukataa. Alikawia huko nje, akarudi na kikapu kimejaa, akitabasamu. Kilikuwa na magugu matupu, yale niliyoyaacha yakue kandokando kwa ajili ya sungura wa jirani. Mama wa Masisi, niliyekuwa nimemwalika kula nasi, alikichungulia. Alikichukua mikononi mwa mume wangu, akamwaga magugu mlangoni, akaenda kuchuma.

Wageni waliinamisha macho. Mume wangu alinitazama, akingoja nicheke ili ionekane ni mzaha. Sikucheka.