Ufa Katika Boriti ya Mbele

Mimi ni seremala. Nilianza kazi hii Dunda nikiwa sijaoa, na kabla ya haya ninayoyaeleza sikuwahi kutengeneza kitu kinachotembea. Vitanda, milango, masanduku ya maharusi, yote hayo ukishayaweka mahali yanakaa, na kama kuna kosa, nalo linakaa pale pale likikungoja uende ukalirekebishe.

Miaka michache baada ya vita vya pili kwisha, alinijia bibi mkunga mmoja, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Tanga, mrefu, asiyependa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya bara, siku nne hapa, wiki kule, na alikuwa amechoka kulala madarasani na kwenye maghala ya mahindi. Alikuwa amepewa tela la magurudumu mawili lililoachwa na jeshi, la kufungwa nyuma ya lori. Alitaka nilifanye nyumba.

"Nataka kitanda, kabati la dawa, tangi la maji na dirisha lenye wavu," aliniambia. "Na nikifika niendako, nifike mzima."

Alikuja na dereva wake, mzee mwenye ndevu za mvi aliyewahi kuendesha malori ya jeshi Burma. Yule mzee alilizunguka tela, akapiga teke magurudumu, akalala chali chini kutazama uvunguni. Alipoinuka alijikung'uta mchanga akasema, "Fundi, chuma cha mbele kimeliwa na kutu. Weka boriti ya mti mgumu. Na usiifanyie haraka."

Niliweka boriti ya mvule, nene kama paja langu. Hiyo ndiyo iliyoshika mkono wa chuma unaoingia kwenye ndoano ya lori, kwa hiyo tela zima, na chochote kilichomo, lilivutwa kwa boriti hiyo moja. Nikajenga kuta za mbao nyepesi, nikapaka rangi ya kijani. Kitanda nilikitengeneza kwa moyo wote. Tangi la maji na kabati la dawa nikaviweka nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu niliona ndiko mkono wa mtu utakakofikia kwa urahisi.

Safari ya kwanza walikwenda Mlingotini, si mbali. Walirudi siku ya pili, na dereva alishuka bila hata kunijibu salamu.

"Tela lako linatikisa mkia," alisema. "Nikiongeza mwendo kidogo tu, linakwenda kulia, linakwenda kushoto, na lori linalifuata. Leo limenitoa barabarani mara mbili."

Alilifungua kwenye lori, akashika mkono wa chuma na kuunyanyua kwa mkono mmoja, kama mtu anavyonyanyua jembe. Akanieleza kwamba nimetia uzito wote nyuma ya magurudumu, pua ikawa nyepesi, na tela lenye pua nyepesi haliongozeki. Watu wawili watatu waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulifanya kazi pamoja siku tatu. Tukalihamisha tangi mbele, na kabati tukaliweka katikati, juu ya magurudumu. Yeye akafungua magurudumu, akaosha beringi kwa mafuta ya taa na kuzijaza grisi mpya, akabadilisha majani mawili ya springi yaliyopasuka. Mwisho akaleta mnyororo mnene, akaufunga kwenye bati la chuma lililokuwa chini ya sakafu ya tela, ncha ya pili aifunge kwenye lori wakati wa safari.

"Huu si wa kuvutia," aliniambia. "Huu ni wa siku ambayo kila kitu kingine kimekataa kazi."

Siku ya tatu, alasiri, dereva alikwenda msikitini. Mimi nilibaki kutoboa matundu mapya kwenye boriti ya mbele, ili nifunge miguu ya tangi. Nilikuwa nimechoka na nilitaka akitoka kuswali akute nimemaliza. Nilipotia keekee kwenye tundu la mwisho nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kilichokanyagwa. Niliitoa keekee, nikapangusa unga wa mbao kwa kidole. Ufa ulikuwa umetoka kwenye tundu langu jipya hadi kwenye tundu la bolti ya mkono wa chuma. Haukufika urefu wa kiganja.

Nilijua. Sitaki kujitetea kwamba sikujua. Mti uliopasuka baina ya matundu mawili hauna tena nguvu ya mti. Lakini safari ilikuwa asubuhi yake, na kubadilisha boriti ni kulivua tela lote upya, na nisingeweza kumtazama yule mzee usoni mara ya pili. Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikausindika ndani ya ufa, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Dereva aliporudi alipitisha mkono juu yake, akasema, "Vizuri." Neno lile lilinichoma kuliko lawama.

Jioni nikamkuta mke wangu anafunga mzigo. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza, mwezi wa nane, na ilikuwa imekubalika tangu zamani kwamba atakwenda kujifungulia kwa mama yake, Fukayosi. Tulikuwa tumepanga aende na lori la mkaa.

"Bibi mkunga amepita hapa," alisema kwa furaha. "Amesema kesho nipande naye. Nitalala kwenye kitanda ulichokitengeneza wewe, mume wangu. Dereva amekataa kwanza, ati tela si la watu likiwa njiani, lakini bibi amemwambia kwamba mgongo wangu hauwezi kukaa wima kutwa nzima. Amekubali kwenda polepole."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilifungua kinywa, nikasema, "Lori la mkaa je?" Akacheka. "Nikalale juu ya magunia?" Nikamsaidia kukaza kamba ya mzigo. Usiku kucha nilijiambia kwamba ufa ni mfupi, kwamba mvule ni mvule, kwamba kuna bolti tatu nyingine.

Waliondoka jua limechomoza. Nilimpandisha mwenyewe, nikamwekea mto mgongoni. Bibi mkunga alikaa mbele na dereva. Lori liliposhika njia nilitembea ubavuni mwa tela hatua kadhaa, macho yangu kwenye boriti ya mbele, na lilipopita kwenye shimo la kwanza nikaona ile rangi ya kijani imefunguka mstari mwembamba. Gundi ilikuwa imekwisha kuachia. Nilipaza sauti. Injini ilikuwa na kelele kuliko mimi, na lori likapinda kona.

Nilikimbia kwa jirani, nikachukua baiskeli yake bila kueleza.

Njia ya kwenda Fukayosi inashuka bondeni mpaka mto Ruvu, na pale mtoni hapakuwa na daraja, magari yalivushwa kwa pantoni. Hofu yangu yote ilikuwa pale. Barabara tambarare huenda ingestahimilika. Lakini kutoka kwenye pantoni kuna kupanda ukingo wa mto, mkali na wenye utelezi, na wakati wa kupanda uzito wote wa tela unairudisha nyuma ile boriti, na nyuma yake ni maji.

Nilikanyaga baiskeli mpaka nikasikia ladha ya damu kooni. Kwenye mchanga ilinibidi nishuke niikokote nikikimbia. Nilikuwa nikiyatazama mapito ya magurudumu chini: ya lori yamenyooka, na ya tela yanayafuata sawasawa, na kila nilipoona yamenyooka nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Kwenye mashamba ya mpunga nilimkuta mama mmoja anafukuza ndege.

"Shikamoo, mama. Limepita lori linalovuta nyumba?"

"Marahaba. Limepita. Linalia."

"Linaliaje?"

Alifikiri kidogo. "Kama kitanda kibovu," akasema.

Sikumuaga.

Nilipofika mtoni, pantoni ilikuwa imeondoka. Ilikuwa katikati ya maji, lori na tela juu yake vimebanana. Nilitupa baiskeli, nikaingia mtoni mpaka magotini, nikapiga kelele nikipunga shati langu. Mvushaji mmoja aliyekuwa ukingoni alinishika mkono akanirudisha nyuma. "Wewe, mamba!" Sikumwona mke wangu popote. Niliona mlango wa tela umefungwa. Nikajua yumo ndani, amelala kwenye kitanda changu.

Pantoni ikagusa ng'ambo. Nikasikia injini ya lori ikiwaka. Umbali ule si mkubwa. Niliweza kumwona dereva akitoa kichwa nje na kutazama nyuma. Lori likashuka kwenye pantoni, likaanza kupanda. Nilikuwa nikisoma kila nilichokijua, na aya zikawa zinanipotea katikati.

Mlio ulikuja baada ya mimi kuona. Kwanza niliona pua ya tela ikiinama chini, lori likaruka mbele kama punda aliyekatiwa kamba, kisha ndipo mpasuko ukafika masikioni mwangu, mkavu, mmoja. Tela likaanza kurudi nyuma, polepole, halafu si polepole. Likarudi kiasi cha urefu wa mtu. Mnyororo ukanyooka. Lori likavutwa nyuma, magurudumu yake yakichimba matope, likasimama. Tela nalo likasimama, kisigino chake kikiwa juu ya maji.

Mpaka pantoni irudi kunichukua sijui ni muda gani. Mvushaji aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nimekaa chini natafuna shati. Nilivuka. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa tela, nikauvuta, nikaona kitanda, mto uko chini, chupa za dawa zimevunjika sakafuni. Hapakuwa na mtu.

"Yuko huku," ilisema sauti ya bibi mkunga.

Mke wangu alikuwa amekaa juu ya nyasi upande wa pili wa lori, na bibi mkunga amemwekea mkono tumboni. Dereva alikuwa na sharti lake: mtoni kila mtu anashuka. Alikuwa amewateremsha wote kabla ya kupakia, nao wakavuka wamesimama ubavuni mwa lori, upande ambao mimi sikuweza kuuona.

Nilipiga magoti mbele ya mke wangu. Alinitazama, matope mpaka kifuani, sina shati. Akaniuliza, "Umefuata nini?"

Nililitazama tela.

"Ulijua?"

"Nilijua," nilisema. "Jana alasiri nilijua."

Hakulia wala hakunitukana. Alimgeukia bibi mkunga akasema, "Naomba uniambie kama mtoto anacheza." Bibi mkunga akasema anacheza. Basi mke wangu akajifunika kanga usoni, na siku ile hakusema nami neno jingine. Gari la mzungu mmoja mwenye shamba ndilo lililomfikisha Fukayosi.

Dereva alikuja na kipande cha boriti mkononi. Alinionyesha ndani ya mpasuko, pale gundi yangu ilipokuwa bado inang'aa. Nilidhani atanipiga. Aliketi juu ya gurudumu, akakiacha kile kipande kianguke matopeni, na hapo ndipo nilipotambua kwamba naye alikuwa ameogopa kama mimi.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekasirika, halafu tungekata mti mwingine."

Tulikata mti mwingine. Siku tano nilifanya kazi pale ukingoni, na safari hii nilitoboa matundu mbali mbali, nikazungusha mkanda wa chuma kila upande, na kila tundu nilimwita aje alitazame. Tulipomaliza akafungua mlango wa tela akanionyesha ndani.

"Panda," alisema. "Tunalijaribu mpaka Fukayosi. Utalala kitandani."

Nililala chali, mikono nimeshika mbao za ubavuni. Ndani ya tela mtu haoni barabara wala dereva, anasikia tu. Nilisikia kila msumari nilioupiga. Kwenye kila shimo nilifumba macho nikangoja ule mlio mkavu, na usipokuja nikaanza kungoja wa shimo linalofuata. Hivyo ndivyo mke wangu alivyokwenda kutoka Dunda mpaka mtoni, peke yake, mwezi wa nane, akifikiri kwamba makelele yale ndiyo desturi ya tela.

Alijifungua salama mwezi uliofuata, mtoto wa kike, mikononi mwa bibi mkunga yule yule. Nilipokwenda kumwona mtoto, mama mkwe alinipokea kwa adabu na kunipa kiti cha barazani, chumbani sikukaribishwa. Mke wangu alikaa kwao zaidi ya miezi mitano. Aliporudi alipika, alinihudumia, aliongea nami vizuri mbele za watu. Lakini nilipotengeneza kitanda kidogo cha mtoto, alikigeuza juu chini uani kweupe, akakipapasa kiungo kwa kiungo kwa vidole vyake, akakitikisa, akakikalia yeye mwenyewe kwanza. Nilisimama pembeni nikimngoja amalize. Ilichukua muda mrefu.