Nani Atatia Chumvi Mbaazi za Mwanakombo

Ukishuka basi Newala na njaa yako, usiulize hoteli. Ukiuliza hoteli utapelekwa penye vitambaa mezani na wali wa jana. Muulize Dauda. Yuko pale stendi na pikipiki nyekundu yenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa viatu, na swali lake la kwanza kwa abiria si "Unaenda wapi?" Ni "Umekula?"

Kuna watu Mungu kawapa sauti, wengine kawapa mashamba. Dauda kapewa ulimi. Anajua ni mama yupi anayechemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, mpaka ikalainika bila kupasuka. Anajua supu ya nani ni supu, na ya nani ni maji ya moto yaliyopita karibu na ng'ombe. Na ukimuuliza anajuaje, atakwambia anza na pipa la maji, sufuria baadaye. "Huu mji ndoo ya maji inatafutwa kama mchumba," husema. "Mtu anayesuuza sahani mara mbili Newala, huyo hawezi kukupikia ovyo."

Walimu wa kutoka Mara, makarani wa kutoka Tanga, wafanyabiashara wa korosho, wote wamepanda nyuma ya pikipiki yake wakapelekwa mahali wakashiba. Hajawahi kumwangusha mtu. Ndiyo maana Alhamisi ile ya Julai, upepo wa baridi unapiga mpaka mbuzi wamejikunyata, yeye alikuwa anatoka jasho.

Kisa ni Mama Justina, mtu wa Njombe, msimamizi wa kambi ya wajenzi wa barabara. Alikuwa anatafuta mahali vijana wake watakapokula mchana mpaka mvua zianze. Alishaonja vibanda viwili, vyote akaviacha na sahani nusu.

"Nipeleke unakokula wewe, mdogo wangu," alimwambia Dauda. "Usinipeleke kwa shangazi yako."

"Si kwa shangazi, mama. Ni kwa dada."

Mama Justina alicheka, akasema atakuja Alhamisi mchana, mara moja tu.

Dada mwenyewe ni Mwanakombo, mwenye kibanda nyuma ya soko. Mbaazi zake za nazi ukizila Jumanne, Jumatano unaamka unazifikiria. Lakini ng'ambo ya pili walifungua mgahawa wenye televisheni kubwa, na watu wakahamia huko kula mpira. Mabenchi ya Mwanakombo yakaanza kushika vumbi. Alikwisha kumwambia Dauda: vijana wa barabara wasipokuja, anafunga, anarudi kijijini kulima. Na Mwanakombo si mtu wa kutishia. Akisema anafunga, anafunga.

Sasa sikia mtego ulipokuwa. Mwanawe Twaibu alikuwa kumbini, jandoni, na kwao mama wa mwali, ndivyo wanavyomwita kijana aliye jandoni, hagusi chumvi mpaka mtoto atoke. Chakula cha mwali lazima kitiwe chumvi na mtu aliyelala baridi, yaani usiku wake ulikuwa wa usingizi tu, hakuna lingine. Aliyelala moto akitia, kidonda cha mwali hakiponi. Mtoto hahesabiwi, maana hajawahi kuwa moto hata ikasemekana amepoa. Na chakula cha kumbini kilichotwa kwenye sufuria ile ile ya wateja, baada ya chumvi, maana kumpelekea mwali chakula cha chapwa nako ni mwiko. Kuni za jiko la pili zilikuwepo. Maji ya kuoshea sufuria ya pili ndiyo hayakuwepo.

Siku zote chumvi alitia Bibi Pili, jirani, mjane wa miaka mingi, ambaye ubaridi wake hauna mjadala. Dauda alipofika kibandani mchana ulipokaribia alimkuta dada yake kasimama mbele ya sufuria, mikono kiunoni.

"Bibi Pili yuko wapi?"

"Ndanda. Jicho limemsumbua, wamempeleka hospitali alfajiri."

Mbaazi zilikuwa zinatokota. Nazi imekolea, harufu imefika barabarani, na chumvi haijaingia hata punje. Dauda alichungulia njia ya kambini, akarudi, akachungulia tena.

"Priska!" aliita. Priska ndiye msaidizi, anaosha sahani na kukuna nazi. "Tia chumvi basi."

Priska, aliyeolewa mwezi uliopita, alirudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka. "Mimi? Kaka Dauda, mimi leo... mimi nakuna nazi tu."

"Nazi imeshakwisha."

"Basi nitakuna vifuu."

Akapita Gasper, fundi seremala, ubao begani. Dauda alimuona kama aliyeona mvua. Mke wa Gasper yuko Lindi kwenye mafunzo, wiki ya pili sasa. Mtu wa baridi kuliko huyo ungempata wapi?

"Baba Maria! Karibu ututilie chumvi, mara moja tu!"

Gasper alisimama. Aliitazama sufuria, akatazama kopo la chumvi, akatazama ubao wake kana kwamba umemwita.

"Nina haraka," alisema. "Kuna kabati la mtu."

"Baba Maria," alisema Mwanakombo polepole, "mama Maria si yuko Lindi?"

"Yuko, ndiyo."

"Haya."

Gasper aliondoka, na ubao ukagonga mlango wakati wa kutoka. Priska alijifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika. Siku nyingine Dauda angecheka mpaka aanguke. Siku hiyo hakucheka, maana alijua macho ya dada yake yanakuja wapi.

"Basi wewe," Mwanakombo akasema. "Huna mke. Na mwali ni mwana wako, mjomba mtu. Tia."

Akamkabidhi kopo na kijiko.

Hapo ndipo pabaya. Dauda hana mke, kweli. Lakini yuko Pendo, anayeuza vitenge sokoni, na jana usiku pikipiki nyekundu haikulala kwao. Hilo dada halijui. Angetia, nani angejua? Mbaazi zingekolea, mgeni angeshiba, kibanda kingepona. Aliinua kijiko. Punje mbili tatu zilianguka chini. Akamkumbuka Twaibu siku alipompeleka kumbini mwenyewe, mtoto kakishika kidole chake kwa nguvu mpaka mlangoni, hataki kulia mbele ya wenzake. Pengine kidonda kingepona tu. Pengine. Lakini kila usiku ambao kingechelewa, nani angelala? Yeye na lile neno "pengine".

Alirudisha kijiko ndani ya kopo.

"Siwezi, dada."

Mwanakombo alichukua ufagio akaanza kufagia mahali ambapo pamekwisha kufagiliwa, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Nje gari lilisimama. Mama Justina alishuka, buti zimejaa vumbi jekundu.

"Shikamoo, mama," Dauda alisema.

"Marahaba. Harufu nimeisikia tangu kona. Haya, leta."

Dauda alimtazama. Kumpa mbaazi zisizo na chumvi ni kumfukuza. Kumwekea chumvi mezani ni kumtangazia kwamba mpishi hajui kazi. Likabaki jambo moja, na lilikuwa la kumfanya mtu azabwe kofi. Alilisema akiwa ametazama chini.

"Mama, samahani sana. Sufuria haina chumvi. Mtoto wetu yuko kumbini, na anayetia chumvi lazima awe... awe amelala peke yake. Bibi anayetutilia kapelekwa hospitali Ndanda, na hapa wote tumeshindwa. Sijui kama wewe, kwa heshima zote..."

Hakumaliza. Mwanakombo alisimamisha ufagio.

Mama Justina alimtazama Dauda, akatazama jikoni.

"Wote mmeshindwa?"

"Wote, mama."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Mume wangu yuko Njombe tangu Pasaka," alisema Mama Justina, anakunja mikono ya shati. "Nami nalala na mafaili. Maji ya kunawa yako wapi?"

Priska alimmiminia. Alinawa, Priska akammiminia tena asuuze. Mama Justina aliangalia pipa, kisha akamtazama Priska. Alitia chumvi, akakoroga, akaonja kwa kiganja, akaongeza kidogo. Mwanakombo alichota kwanza ya kumbini, akafunika. Ndipo akampakulia mgeni.

Alikula. Dauda alisimama mlangoni, hatazami, anahesabu kwa masikio kijiko kinavyogonga sahani. Kikaendelea kugonga. Kikaanza kukwangua.

"Jumatatu nitawaleta," alisema Mama Justina. "Ila yule bibi arudi kutoka Ndanda upesi. Siwezi kuacha barabara kila siku nije kukoroga mbaazi."

Gari lilipoondoka, Dauda alifunga chakula cha kumbini kwenye pikipiki. Mwanakombo alikuja akakaza kamba mwenyewe, polepole, hamtazami.

"Anaitwa nani?"

"Pendo."

"Anajua kupika?"

"Hajui, dada. Hata kidogo."

"Wewe, Dauda, mjuzi wa vyakula wa Newala nzima!" Alivuta kamba mpaka pikipiki ikayumba. "Mlete kesho ajifunze. Lakini mwambie mapema, kopo la chumvi asilikaribie."