Kisomaji Kilipolia Begani Mwangu

Mashine isiyo na mdomo ilinisema mbele ya ukumbi mzima, nikiwa nimevaa koti langu zuri na nimeshashinda ubishi.

Wanaodhani wazee tunazusha, wapite pembeni. Wengine kaeni.

Ninaishi na binti yangu. Siku hizo alikuwa na wimbo mmoja tu: "Baba, usitoke peke yako. Utapotea."

Mimi! Niliyesoma umeme shule ya usiku baada ya kazi, macho mekundu, nikawapita vijana wenye vitabu vipya. Nipotee mimi?

Nikampa ushahidi. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama njia panda nikizitafakari barabara, maana hawa watu kila siku wanabadilisha vibao. Kijana mmoja muuza makava ya simu akaja kwa nyuma, simu mkononi, akanipangusa vumbi begani.

"Mzee wangu, hivi kwa nini ndege akitua kwenye waya wa umeme hapigwi shoti?"

Nikamweleza. Nilipomaliza tulikuwa mlangoni kwetu.

"Unaona?" nikamwambia binti yangu. "Vijana wananiandama barabarani kutafuta elimu."

Akatazama pembeni. "Haya, baba. Jumamosi kuna warsha kwenye ukumbi wa mtaa. Wanajaribu zile kadi za kugusisha mlangoni, RFID. Nenda, urudi mwenyewe. Ukirudi mwenyewe, sisemi tena. Ukishindwa, hutoki tena peke yako."

"Andaa chai," nikasema.

Jamani, ule ukumbi! Meza zimejaa nyaya kama tambi zilizomwagika. Mwalimu ni kijana aliyevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, joto lile. Nikambatiza Kofia. Pembeni yangu dereva mstaafu, haandiki chochote, anapiga picha kila waya kana kwamba yuko harusini.

Kila mtu akapewa kibandiko, bapa kama sarafu, akiandikie maneno anayotaka.

"Hiki hakina betri," akasema Kofia. "Kimelala. Ukikisogeza kwenye kisomaji, mawimbi ya redio yanakiamsha, kinasema kilichoandikiwa, kinalala tena. Hata simu nyingi zinakisoma."

Nikasimama. "Kijana, usitufanye watoto. Bila chanzo hakuna mkondo."

"Chanzo ni kisomaji, mzee."

"Umeme unaruka hewani kama nzi?"

"Kwani kwenye transfoma unarukaje?"

"Transfoma ni mambo mengine!"

Watu wakacheka. Walimcheka yeye, nadhani.

"Mzee kawaka leo," akanong'ona dereva.

"Nipime mimi," nikasema. "Sina kadi, sina simu. Tuone kama hicho kidude chako hakitapiga kelele ovyo."

Kofia akakipitisha kisomaji kifuani. Kimya. Mfuko wa kushoto, kimya. Wa kulia, kimya.

"Mmeona!" Nikageuka kuwatazama watu, bega langu likapita mbele ya kisomaji.

Piiip.

Kompyuta yake ilikuwa inarusha picha ukutani. Herufi zikatokea, kubwa kama mikate:

HUYU NI BABA YANGU. UKIMKUTA NJIA PANDA, TAFADHARI USIMWAMBIE AMEPOTEA. MUULIZE SWALI LA UMEME, ATAKUFUATA MPAKA NYUMBANI.

Chini yake, mtaa wetu na namba ya simu ya binti yangu.

Hakuna aliyecheka. Dereva akashusha simu yake. Hata yeye.

"Mzee," akasema Kofia polepole, "hii alama ya mistari mitatu iliyopinda, hapa begani, ndiyo huonyesha pa kugusisha simu..."

"Ni nembo ya fundi cherehani."

Ndivyo nilivyoambiwa. Binti yangu ndiye aliyelipeleka koti likashonwe bitana.

Kisha nikamkumbuka muuza makava. Vumbi begani. Simu mkononi. Ndege kwenye waya.

Nikatoka nje bila kuaga.

Getini nikasimama. Kulia, duka la viatu. Kushoto, duka la viatu. Mtu gani mwenye akili hujenga mtaa hivi?

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Kofia, na kofia yake ameivua.

"Samahani, mzee wangu. Hivi transfoma inaongeza umeme au inapunguza?"

Swali la hovyo kabisa.

"Umeme upi? Volti au mkondo? Uliza kama mtu aliyesoma."

"Volti."

"Haya, twende nikueleze."

Nilijua anachofanya. Naye alijua kwamba najua. Tukakata kushoto, kwa kuwa yeye alikata kushoto.

Binti yangu alikuwa mlangoni. "Umerudi mwenyewe, baba?"

Kofia akafungua mdomo anitetee. Nikamzuia.

"Nimeletwa," nikasema. "Nipe mkasi."

Akauleta huku machozi yanamlengalenga. "Baba, nisamehe. Nilikuwa naogopa."

"Nikusamehe nini? Hiyo 'tafadhari'? Nimekusomesha miaka yote hiyo uje uandike R mahali pa L, ukutani, mbele ya dereva?"

Akacheka na kulia kwa pamoja. Mkasi ukabaki mezani. Kofia akatoa simu yake, akayafuta maneno na kuyaandika upya palepale, nami nimemsimamia nikimtajia herufi moja moja. Hata hivyo alikosea mara mbili.

Makubaliano mapya ni haya: natoka, lakini natoka na koti.

Funzo, kwa kuwa najua mnalisubiri. Vijana, mkitaka kumwandika mzazi begani, andikeni Kiswahili sanifu. Wazee wenzangu, kabla ya kubishana na mwenye kisomaji, vueni koti.

Na wewe utakayenikuta njia panda, usiniletee habari za ndege na waya. Hilo nimeshalijibu. Njoo na swali lenye akili.