Mjomba Alipoyapigia Magoti Magurudumu

Harufu ya dizeli ikichanganyika na matope mabichi hunirudisha papo hapo nyuma ya Landrova ya mjomba wangu, nikiamini walichokiamini watoto wote wa Kibosho: kwamba gari lile halipandi mlima mpaka mwenyewe aliombe radhi kwa Kichagga. Ushahidi tulikuwa nao, jamani. Kila penye utelezi mjomba alishuka, akapiga magoti penye gurudumu la mbele, akanong'ona, kisha akahamia la pili.

Jumamosi ile tulikuwa tunampeleka mama mdogo, mdogo wake mjomba, kwenda kufunga ndoa. Mvua ilikuwa imebeba daraja, ikabaki njia ya msituni ya kukokotea magogo. Na ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, ambamo ndoa hazifungwi. Padri alikuwa na ndoa nyingine mbali. Akishaondoka, basi tena, mpaka Pasaka. Bibi harusi alikaa mbele, shela lake la mtumba amelikusanya mapajani kama mtu anayevuka mto.

Tukaingia kwenye tope ambalo, nawaapia, lingemeza tembo na likabaki na njaa. Gari likanguruma, likazama. Mama mdogo akaanza kulia, wanja ukimchuruzika.

"Kaka, mpaka Pasaka bwana harusi atakuwa ameshaoa mwingine."

"Tulia wewe. Unaolewa leo."

Nikaruka chini, nikakimbia hadi mpaka wa shamba la mwisho, nikachuma jani la sale. Kwetu ukimpelekea mtu sale hawezi kukunyima msamaha, sembuse gurudumu. Niliporudi, mjomba alikuwa ameshapiga magoti matopeni na suti yake, ananong'ona. Nikalichomeka jani kwenye bampa. Akapanda, akaingiza gia, na Landrova ikachomoka kama nyati aliyechomwa mkuki, ikaparamia mizizi, ikavuka korongo, matawi yakitupigia makofi. Tulimkuta padri ameshika mlango wa gari lake. Kwa vigelegele vilivyopigwa, nadhani theluji ya Kibo ilipungua.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba mimi na sale langu ndio tuliomwoza mama mdogo. Nilipokua, siku mjomba ananifundisha kuendesha, nikamkumbusha. Hakucheka.

"Nilikuwa nazungusha loki kwa mkono, mjomba, zile za katikati ya magurudumu ya mbele, ili nayo yavute. Bila hivyo yanabingirika tu."

"Na ile minong'ono?"

"Nilikuwa nayatukana matope. Bibi harusi amekaa pale, ningetukana kwa sauti?"