Mzee Aliyeita Amata

Nilivuka mpaka kutoka Burundi nikiwa msichana mdogo, kwa miguu, nyuma ya mama. Baadaye niliolewa Uru, nikalima kahawa na migomba kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha mume wangu, nikajifunza Kichagga mpaka nikawa nakiota. Sasa mume wangu amezikwa humo humo kihambani, watoto wako Dar, nami nimebaki na ng'ombe mmoja.

Kwenye kliniki ya presha daktari hunisifu kwamba nina miguu ya msichana. Huniambia pia nikae na wa rika langu, tupige soga. Nami hukaa nao kila Alhamisi baada ya sala ya jumuiya. Wanakumbushana utoto wao, nani aliiba maparachichi ya padri, nani alifukuzwa shule. Nacheka nao. Ila hakuna anayejua mimi nilikuwa mtoto wa namna gani.

Siku moja ya kliniki nilisikia mzee akiita wodini, "Amata! Amata!" Nesi alisema wanadhani Amata ni binti yake; wa kuulizwa ni mwanawe, dereva wa lori, naye yuko safarini.

"Si mtu," nikamwambia. "Ni Kirundi. Anaomba maziwa."

Kesho yake, kwa ruhusa ya nesi, nilimpelekea maziwa kwenye chupa ya chai. Nilimsalimia kwa Kirundi, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya mama yangu. Akanywa, akanitazama sana, akauliza mimi ni binti wa nani, wa mlima upi, maana kwetu mtu hujulikana kwa mlima aliozaliwa. Swali hilo sikuwa nimeulizwa tangu tulipovuka. Nilipoutaja mlima wetu, alisema anaujua, una upepo mwingi. Huenda hakuujua; akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Sikujali.

Nilikwenda siku tisa mfululizo. Siku ya kumi nilikuta mgonjwa mwingine kitandani. Mwana wa yule mzee alikuja jana yake jioni, nesi akasema, akamchukua baba yake kwenda Tabora. Hawakuacha namba.

Maziwa nikamwachia yule mgonjwa mpya.

Alhamisi wenzangu waliniuliza nilikopotelea, nikawaeleza. Kisha mmoja akauliza, "Kwani huko kwenu kukoje, dada?"

Nikaanza na mto uliopita chini ya nyumba yetu. Jina lake likagoma kuja. Walinisubiri kwa heshima, halafu mmoja akasema mvua za mwaka huu zimechelewa, na mazungumzo yakaelekea huko.