Ubeti Alioukubali Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa sijazaa, kwa hiyo nilijua kila kitu kuhusu uzazi. Nilikuwa nimesomeshwa Unguja, nikaja na msafara wa baba hadi hapa Kindu, na Bibi Kiongozi wa watunzi akanipokea kwa kuwa niliweza kuandika. Kutunga, alisema, tutaona.

Ninyi mnaotunga leo huenda hamjui kazi ilivyokuwa. Mzazi alikaa ndani mpaka arobaini yake. Siku ya kutoka, tuliketi nje ya pazia tukamwimbia utenzi wa mama. Kila ubeti ulikuwa na mistari minne, na mstari wa mwisho aliuitikia mzazi mwenyewe kutoka ndani. Akiitikia, pazia lilifunguliwa, akatoka. Akinyamaza, utenzi umekataliwa, naye anabaki ndani mpaka utungwe mwingine.

Bibi Kiongozi alikuwa na kanuni moja. “Huzuni ina mahali pake, matangani,” aliniambia. “Hapa mama anafurahi tangu mwanzo hadi mwisho.”

Basi nikatunga *Mwanangu wewe dhahabu*, na mengine yanayometameta. Mzazi alikuwa Zaituni, binti kutoka Kibombo, aliyeolewa katika nyumba ya mchuuzi wa mpunga karibu na mto Lualaba. Tukaimba ubeti wa kwanza. Kimya. Wa pili, kimya. Mama mkwe wake akaanza kukohoa. Wanawake wakanong’ona kwamba labda hampendi mtoto, na kwa neno kama hilo mke aliweza kurudishwa kwao, mtoto akabaki.

Bibi Kiongozi akaniashiria nisogee paziani. Nikamuuliza Zaituni kilichomsibu.

“Bibi, huyo mama munaimba njo nani?” akasema. “Mimi namuogopa huyu mutoto. Akilala, naangalia kama anapumua. Akiamka, natamani alale tena. Jana akanishika kidole, nikacheka peke yangu. Sasa niitikie nini?”

Nikayaacha masomo ya Unguja. Nikatunga ubeti wa tatu palepale, nikauimba peke yangu kwa sauti inayofaa kufukuzia ndege mpungani:

*Mgeni umenijia,*
*uso nauangalia,*
*usiku ninakulia,*
*pendo laja taratibu.*

Bibi Kiongozi alifumba macho kama anayesubiri nyumba ianguke. Kisha ndani ikasikika sauti ya Zaituni: *pendo laja taratibu*. Akarudia. Halafu mama mkwe, ambaye hakuna aliyemwomba, akaitikia naye kwa sauti nzito.

“Huyu bwana yake nilimuzaa mimi,” akasema, “na juma zima sikutaka kumuona. Fungueni pazia.”

Baada ya hapo nilitumwa Kibombo, kisha Mikelenge, chini ya viongozi waliobishana kama, katika utenzi, hofu ikae kabla ya furaha au baada. Nilipozaa mwenyewe niliona kwamba zilibadilishana mahali kabla ya chakula cha mchana.

Sasa nimepumzika, pumzi ya beti ndefu imekwisha, na sijutii. Wapo wanaosema ubeti ule unamdhalilisha mama. Huwaambia wakamuulize Zaituni, ambaye kila arobaini aliniita mwenyewe. Kwa mtoto wa mwisho nilifika na hofu yangu tayari, nimeipanga vina vizuri. Akaikataa. Huyu, alisema, alimpenda tangu kilio cha kwanza, na akanicheka nilivyohangaika kutafuta maneno ya furaha. Tukaimba furaha tupu, naye akaitikia kabla hatujamaliza mstari.